Mnara wa mipira ndio moyo wa kituo: namna ya kusoma na kutunza kituo cha zamani cha zimamoto

Ukipewa ufunguo wa kituo cha zamani cha zimamoto, usianze na lango la magari. Anza na mnara. Ingia ndani, pima kutoka sakafuni hadi kwenye boriti inayobeba kapi, kisha zidisha mara mbili. Ukipata mita 23 na ziada kidogo, tayari umejua jambo kubwa: mipira ya maji ya hapo ilikuwa ya kipimo cha Kiingereza cha futi 75, nayo ilitundikwa kwa kukunjwa katikati, ncha zote mbili zikining'inia. Ukipata mita 15 au 16, yaelekea ilikuwa ya futi 50. Na kama kutoka sakafuni hadi kwenye kapi ni zaidi ya mita 23 bila kuzidisha, huenda mpira ulivutwa kwa ncha moja ukanyooka wote. Kipimo hicho kimoja kinakueleza vifaa, asili yake, na hata idadi ya watu waliohitajika kuvuta kamba.

Watu wengi hudhani mnara ulikuwa wa kuangalia moshi mjini. Ipo minara iliyofanya kazi hiyo, na ipo iliyobeba kengele. Lakini katika vituo vya miji midogo kazi yake kubwa ilikuwa kukausha. Mipira ya zamani ilifumwa kwa kitani (tuliendelea kuiita mipira hata pale ambapo hapakuwa na mpira ndani yake). Nyuzi za kitani zikilowa huvimba na kuziba matundu ya ufumaji, ndiyo maana mpira wa aina hiyo hutokwa jasho dakika za mwanzo kisha hutulia. Uzuri huo una gharama yake. Ukikunjwa ukiwa na unyevu, kuvu huanza kula nyuzi, madoa meusi hutokea, na siku ya moto mpira hupasuka palepale penye doa. Kwa hiyo kila baada ya kazi mipira iliburutwa uani, ikasuguliwa kwa maji safi na brashi, ikamwagwa maji kwa kuinuliwa begani hatua kwa hatua kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha ikavutwa mnarani. Mpira wa milimita 64 wenye urefu wa mita 23 ukijaa hubeba lita 74 hivi za maji. Usipomwaga kwanza, kapi haliwezi na mgongo hauwezi.

Mipira ya nyuzi za sintetiki ilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, haja ya kutundika ilipungua sana, kwani poliesta haiozi kama kitani. Mnara ukabaki bila kazi yake. Katika vituo vingi ndipo ulipoanza kuharibika: mbao za kupitishia hewa zikavunjika, njiwa wakaingia, paa dogo la juu likasahaulika kwa kuwa hakuna aliyepanda tena. Ukiona ukuta wa ofisi iliyo chini ya mnara una unyevu usioeleweka, usilaumu bomba kwanza. Panda juu uangalie pale mnara unapokutana na paa la jengo.

Nasisitiza mnara kwa sababu ndio wa kwanza kutolewa kafara. Hapa Kenya, tangu 2013 zimamoto ni kazi ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kaunti inapojenga kituo kipya nje ya katikati ya mji, kile cha zamani hubaki kwenye kiwanja cha bei kubwa, na pendekezo la kwanza huwa maduka. Lango la magari hupendeza kwenye picha, kwa hiyo huachwa. Mnara huonekana mzigo. Ukiubomoa, umebaki na gereji yenye milango mikubwa.

Kituo cha zimamoto ni mashine iliyojengwa kwa mawe. Kila sehemu ilipangwa kwa ajili ya njia moja: habari inaingia chumba cha zamu, kengele inalia, watu wanashuka, gari linatoka, linarudi, mipira inapanda mnarani, kitabu kinaandikwa. Ukitaka kujua kipi ni urithi na kipi ni nyongeza ya juzi, fuata njia hiyo kwa miguu ukiwa na daftari.

Chumba cha zamu karibu kila mara kiko kando ya ukumbi wa magari, na kina dirisha linalotazama barabara au dirisha dogo linalofunguka upande wa magari. Karatasi ya anwani ilipitishwa hapo. Tafuta ukutani matundu ya skrubu yaliyopangika: yanaonyesha ulipokaa ubao wa kengele, ramani ya haidranti (vichwa vya bomba la maji barabarani ambapo zimamoto huunga mipira), simu. Usiyazibe kabla ya kuyapiga picha.

Ngazi na nguzo ya kutelezea zinafuata. Nguzo ilianzia Chicago mwaka 1878, katika kikosi namba 21 kilichokuwa cha wazima moto Weusi, chini ya nahodha David Kenyon. Ile ya kwanza ilikuwa ya mti. Mwaka 1880 Boston waliweka ya shaba ya manjano, na hiyo ndiyo iliyoenea, kwa kuwa shaba haina vibanzi vya kuchoma viganja. Vituo vya ghorofa moja havikuihitaji, kwa hiyo usishangae ukiikosa mji mdogo. Ila kama kuna ghorofa ya kulala na huioni nguzo, angalia dari ya ukumbi wa magari: tundu lililozibwa huacha duara au mraba wa plasta yenye rangi tofauti, na chini yake sakafuni kuna alama ya mkeka wa kupokelea miguu au bamba la kushikilia nguzo. Nguzo ziliondolewa mahali pengi kwa sababu za usalama: watu walivunjika vifundo vya miguu, na wengine walitumbukia tunduni usiku. Jengo likigeuzwa, tundu lisimwagiwe zege. Fremu ya chuma yenye kioo kinene cha kukanyagwa, au kifuniko cha mbao chenye bawaba, hulinda watu na huacha tundu lisomeke.

Lango lenyewe lina hesabu ya wazi. Magari ya zamani yalikuwa membamba, na milango mingi ilijengwa kwa upana wa futi 9 au 10, yaani mita 2.7 hadi 3. Gari la leo lina upana wa mita 2.5 kabla ya vioo vya pembeni, na urefu wake kwenda juu unapita mita 3. Halafu kuna uzito. Gari dogo la zamani lilibeba galoni 400, lita 1,800 hivi, yaani tani 1.8 za maji. Boza la lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, kabla hujahesabu chuma. Sakafu iliyomwagwa kwa ajili ya gari la kwanza hupasuka chini ya la pili, na ikiwa katikati kuna shimo la kukagulia magari, kuta za shimo husukumwa ndani. Vituo vingi vya zamani viliachwa kwa sababu hizo mbili, mlango na sakafu. Kuta mara nyingi zilikuwa bado nzima.

Mahali kituo kilipojengwa nako kuna hesabu. Wazima moto waliofunzwa kwa mtindo wa Kiingereza hutumia kanuni hii: lita kwa dakika ni theluthi mbili ya kipenyo cha nozeli (ncha ya mpira inayorusha maji) kwa milimita, kikiwa kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe, mara kipeuo cha pili cha shinikizo kwa bar. Nozeli ya milimita 13 kwa bar 4 hutoa lita 225 hivi kwa dakika. Gari la lita 1,800 humaliza maji kwa dakika 8. Weka nozeli ya milimita 20 na hata dakika 4 hazifiki. Kwa hiyo gari bila chanzo cha maji ni safari ya dakika chache tu. Ndiyo maana ukichora ramani ya mji wa zamani, weka kituo pamoja na tangi la reli, mto, bomba kuu na haidranti. Kituo kisichochorwa pamoja na maji yake kimechorwa nusu.

Nairobi yenyewe inaonyesha hilo vizuri. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji wa kwanza ulikuwa wa mabati na mbao. Mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa kwa amri ya wakuu kwa sababu ya tauni. Moto ulitumika kama dawa ya mji kabla mji haujawa na namna ya kutosha ya kuuzima. Kituo kikuu cha leo kiko Tom Mboya Street, barabara iliyoitwa Victoria Street wakati wa ukoloni, na bado kinafanya kazi katikati ya matatu na mikokoteni. Jina hilo la zamani ni muhimu kwa yeyote anayetafuta nyaraka: ukiomba faili za Tom Mboya Street za miaka ya 1930 hutapata kitu. Vivyo hivyo Moi Avenue ilikuwa Government Road, na Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue. Andika majina yote mawili juu ya kila ombi. Na kwa kuwa kituo hicho kiko kazini, picha hupigwa kwa ruhusa, kutoka upande wa pili wa barabara, wala mtu hasimami mbele ya mlango hata kwa sekunde moja.

Kuna urithi mwingine ambao hauko ukutani, nao ni neno. Katika Afrika Mashariki ya ukoloni, hasa kati ya vita vya kwanza vya dunia na miaka ya 1950, wazimamoto halikuwa jina la kazi tu. Lilikuwa jina la watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya Wazungu. Uganda walisema bazimamoto. Pwani neno lilikuwa mumiani, ambalo kamusi za zamani zinalieleza kama dawa nyeusi inayofanana na utomvu. Wazee wa Pumwani, mtaa wa Nairobi, waliohojiwa miaka ya 1970 walikuwa bado wanakumbuka masimulizi hayo. Gari jekundu na sare vilitajwa, na mashimo pia, ambamo waliokamatwa walisemekana kufichwa. Sasa fikiria kituo chenye shimo refu la kukagulia magari katikati ya sakafu, milango mikubwa inayofungwa, na watu wanaolala humo kila usiku wakisubiri kitu. Aliyechungulia kutoka nje aliona alichoona.

Naona ni makosa makubwa kuacha jambo hilo nje ya maelezo ya jengo kwa kuogopa kuwaudhi wazima moto wa leo. Serikali iliyowachukulia watu ardhi, kazi na kodi ilisimuliwa kama serikali inayochukua damu, na kituo cha zimamoto kikawa mojawapo ya nyumba za masimulizi hayo. Kwa hiyo shimo la magari lisijazwe kifusi kabla ya kupimwa na kupigwa picha, na ikiwezekana lisijazwe kabisa: lifunikwe kwa mbao nene au wavu wa chuma. Unapohoji wazee, usiulize "Je, mliamini?" Hilo humfanya mzee ajitetee. Uliza: "Mlipokuwa watoto, mliambiwa mpite wapi jioni?" Uliza pia kengele ililia vipi, nani alikimbia, maji yalitoka wapi, na gari lilifika mtaa gani na halikufika mtaa gani. Jibu la swali hilo la mwisho ni ramani ya ubaguzi wa mji mzima.

Nchi nyingine zina hadithi zao. Katika New South Wales, Australia, sheria ya mwaka 1909 iliunda bodi moja iliyoanza kazi 1910, na vituo vya miji ya mashambani vikaingia chini yake. London ilipata kikosi cha umma mwaka 1866. Kabla ya hapo kampuni za bima ndizo zilizokuwa na wazima moto wao. Nataja hayo kwa sababu vifaa vyetu vingi vilitoka huko Uingereza, na alama zilizopigwa kwenye shaba husomeka tu ukijua watengenezaji wake: Merryweather wa London, Shand Mason, Dennis wa Guildford.

Tuje kwenye kazi ya kupima. Watu wawili, siku mbili kwa kituo cha magari mawili. Chukueni utepe wa kupimia wa mita 30, kipimo cha leza, timazi, tochi mbili, penseli, kadi za namba na fito iliyochorwa sentimita 10 nyeusi na nyeupe. Chora ramani ya sakafu kwa kipimo cha 1:50, milango kwa 1:20, bawaba na makomeo kwa 1:5. Pima pembe za chumba kwa mshazari, kwa sababu chumba cha zamani mara chache huwa mraba kamili, na asiyepima mshazari hugundua kosa akiwa ofisini. Milango pima ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Piga picha kila ukuta mbele kabisa, fito ikiwa ndani ya picha, kisha kila kona. Picha za mapambo peke yake hazimsaidii fundi.

Rangi isomwe kabla haijakwanguliwa. Chagua mahali pasipopigwa jua, kama nyuma ya bawaba, ukate ngazi ndogo kwa wembe, kila tabaka likionekana kwa upana wa sentimita 1. Hesabu kutoka ukutani kuja nje. Lakini jihadhari: rangi ya zamani, hasa ile nyekundu ya kuzuia kutu, huwa na madini ya risasi. Usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, na vumbi liokotwe kwa kitambaa chepesi chenye maji, lisifagiwe. Mnarani kwenye kinyesi cha njiwa fanya hivyohivyo, maana vumbi lake hubeba vimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu. Na ukikuta mabamba ya kijivu ya asbesto kwenye paa au dari, usiyavunje wala kuyatoboa; hizo ni taka hatari, na huondolewa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi.

Jiwe la Nairobi ni jiwe la volkano lenye vinyweleo. Hunywa maji na kuyatoa. Mafundi wa zamani walipolijenga kwa chokaa, maji yalitokea kwenye chokaa, na chokaa ndiyo iliyochakaa badala ya jiwe. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kujaza viungo hivyo kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yaliyoingia kwenye jiwe hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya uso wake, na baada ya misimu michache uso wa jiwe hubanduka kama ganda. Unabaki na mistari ya saruji imetokeza na mawe yamezama. Mtu akiona hivyo huongeza saruji.

Tiba ni polepole. Toa saruji kwa nyundo na patasi nyembamba, usitumie mashine ya kukata, kwa maana diski hula kingo za jiwe. Ingia ndani angalau milimita 25. Chokaa ya unga ilowekwe usiku mzima hadi iwe laini kama siagi, kisha changanya sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga safi wenye chembe kubwa na ndogo. Nyunyizia kiungo maji, jaza kwa tabaka zisizozidi milimita 15, na acha kila tabaka lishike kabla ya linalofuata. Funika kwa magunia mabichi kwa siku 7. Chokaa ikikauka haraka haishiki, hugeuka unga. Hapa Nairobi miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora, ya baridi na mawingu. Januari jua ni kali mno, na Aprili mvua itakuoshea kazi yote. Eneo moja lijazwe kwanza kama jaribio, likae mwezi mzima, ndipo mkubaliane na fundi.

Mbao nazo zina tabia zake. Mtarakwa huvumilia mchwa, podo haivumilii. Ukiwa na boriti iliyopakwa rangi na huijui ni mti gani, toboa kidogo mahali pa siri na unuse: mtarakwa hunukia kama penseli mpya iliyochongwa. Gongagonga boriti za podo mwanzo hadi mwisho, hasa ncha zinazoingia ukutani. Vigae vya paa vya Mangalore, vya mtindo wa India, vina mihuri ya viwanda upande wa chini. Kila aina ya muhuri ipigwe picha, na vigae vizima vihesabiwe kabla ya kushushwa, kama 15 au 16 kwa mita moja ya mraba, ili vilivyoshuka vyote virudi juu.

Vifaa vidogo huibwa au huharibiwa kwa mapenzi. Nasema kwa mapenzi kwa sababu adui mkubwa wa shaba ni mtu anayeing'arisha kila Ijumaa. Herufi na namba zilizopigwa kwenye viungio vya mipira, ambazo ndizo hati ya kuzaliwa ya kifaa, hufutika kwa msuguo. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kausha kabisa, toa ukoko mweupe wa dawa ya zamani kwa kijiti cha mti, kisha paka nta nyembamba. Usitumie dawa yenye amonia: huipasua shaba iliyofinyangwa, nyufa nyembamba zikianzia penye mkazo. Helmeti za shaba za mtindo wa London wa miaka ya 1860 ni mfano mzuri wa kifaa kilichopitwa na mambo mengine. Ziliachwa miaka ya 1930, umeme ulipokuwa umejaa majumbani, kwa sababu shaba hupitisha umeme. Ukiwa nayo, ihifadhi pamoja na kamba yake ya kidevuni hata kama imekatika.

Mpira wa kitani wa zamani usijaribiwe kwa shinikizo, hata kidogo. Uondoe vumbi kwa brashi laini, uuzungushe kwa duara pana lisilobana, uuweke kwenye rafu isiyogusa ukuta wala sakafu. Ule wenye mpira ndani usikae ukigusana na shaba nyekundu, maana madini hayo huharakisha kuoza kwa mpira, ukanata au ukakatika kama biskuti. Gari la zamani liinuliwe kwenye vigingi ili magurudumu yasibebe uzito, tangi la maji na pampu vimwagwe hadi tone la mwisho, na bomba za chini za kumwagia ziachwe wazi.

Vitabu vya matukio ndivyo ninavyovihofia zaidi. Humo mna saa ya kuitwa, saa ya kufika, mtaa, chanzo cha moto, maji yaliyotumika. Siku ya kuhama hutupwa pamoja na risiti za petroli. Ni nyaraka za umma, na Sheria ya Nyaraka, Sura ya 19, hairuhusu ziteketezwe kiholela. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue, ndiyo ya kuulizwa kwanza. Wakati mnasubiri jibu: viwekeni vimelala, visiwe karibu na dirisha, unyevu wa hewa usipite asilimia 65, msitumie seloteipu, na kwa kuandika tumieni penseli tu. Mkivipiga picha, tumieni mwanga wa mchana wa pembeni, bila flashi. Majina ya walioungua au waliopoteza nyumba yasitolewe hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda walio hai, na adabu inawalinda waliokufa.

Kuhusu ulinzi wa jengo, njia ni ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, anaweza kutangaza jengo katika Gazeti rasmi la serikali kuwa la kulindwa, na mwenye pingamizi ana miezi 2 ya kuliwasilisha. Umri si sharti: jengo la umri wowote linaweza kutangazwa likiwa na thamani ya kihistoria, ya usanifu au ya kiteknolojia. Neno hilo la mwisho ndilo la kushika, kwa sababu kituo cha mji mdogo mara chache huwa kizuri kama benki au kanisa. Katika barua yenu msisifu uzuri. Elezeni njia ya kazi niliyoieleza juu, ambatanisheni ramani ya 1:50, na onyesheni sehemu zipi bado zipo. Kwanza hakikisheni kiwanja ni cha nani. Kwa Nairobi utafutaji hufanywa kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kumbukumbu za ardhi. Na kubadilisha matumizi ya jengo kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kwa hiyo soma matangazo yanayobandikwa kwenye uzio kabla hayajaoshwa na mvua.

Matumizi mapya yanayofaa ni yale yanayotaka ukumbi mmoja mpana usiogawanywa: maktaba, ukumbi wa mafunzo, karakana ya ufundi. Ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa, iliyojengwa 1913, ni Nairobi Gallery leo, na vyumba vyake vinasomeka. Vibanda vya biashara ndani ya ukumbi wa magari vinahitaji kuta, umeme kila mita mbili na dari ya chini, na vikishaingia hakuna anayeona tena urefu wa mlango wala shimo la magari. Kampuni ya simu ikitaka kuweka antena mnarani, mlingoti usimame kwenye fremu ya chuma inayokalia sakafu ya mnara. Boliti zisipigwe kwenye jiwe.

Milango ikilazimika kushushwa, kila ubao upewe namba kwa kibati kilichofungwa na uzi, kuanzia kushoto ukitazama kutoka barabarani, na bawaba zibaki kwenye fremu zake. Andika namba hizohizo kwenye mchoro, nakala moja ibaki kwa fundi na nyingine ifungiwe ndani ya chumba cha zamu. Na kapi la juu mnarani litiwe grisi, likavishwe kamba mpya ya katani, ncha yake ifungwe chini kwenye ndoano yake ya zamani.